Jani la Sale Alilolipokea Elia

Lemara, Jumamosi jioni

Nilidhani leo ningefurahi. Mjukuu wangu Elia, mkaidi asiye na rafiki tangu utotoni, amekuja likizo kutoka jeshini. Amenyooka, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, babu. Siku hizi natii hata filimbi."

Tukacheka. Kisha akasimulia walivyopelekwa kuwaondoa watu kwenye shamba la serikali lililouzwa kwa mwekezaji, hapo chini ya Mlima Meru. Bibi mmoja alisimama mlangoni, akamnyooshea jani la sale, akimsihi wasimtoe. Wenzake wametoka mikoa mingine, hawakuelewa. Yeye alielewa. Kwetu sale ni jani la kuombea amani; anayenyooshewa hakatai anachoombwa.

"Ukafanyaje?"

"Nikalipokea, babu. Halafu nikang'oa mlango. Si wewe uliniambia nijifunze kutii?"

Nilimwambia, ni kweli. Mimi, niliyefukuzwa kwenye mlima huo huo nikiwa kijana, nikaona nyumba ya mama yangu ikichomwa, na tangu hapo ninaishi kwenye viwanja vya watu.

 

Miaka yote nimemwomba Mungu amwondolee mtoto huyu ukaidi. Ukaidi huo umemtoka mlangoni kwa yule bibi.