Mashine ya Maji Yapima Uji wa Mama

Omera, ndugu yangu, nimeaibika! Leo wamezindua mashine ya kupima maji hapa Otonglo. Nikakumbuka ile ya mwaka wa uchaguzi, iliyoita hata maji ya mtaro safi; nikadhani na hii itasifu tu.

Nikampigia kelele mwenye mashine: "Injinia Mathenge, pima maji ya uji anaouza mama yangu!"

Ikatangaza kwa spika: "Kuna kinyesi." KINYESI! Mbele ya wateja wake wote! Vikombe vikarudishwa vimejaa.

Nikatumbukiza kijiti cha mashine cha kupimia kwa chupa ya injinia mwenyewe, maji ya dukani. "Kuna kinyesi." Glasi tupu? "Kuna kinyesi."

Mathenge anatabasamu tu: "Bwana, bado inajifunza."

Mama akainua sufuria. "Wateja wangu imewafukuza. Basi inywe yenyewe."

Akaimwagia uji wote. Saa hii haitangazi kitu.