Baba, Nimepima Mbegu za Mama

Baba,

Darasa lako nimepewa mimi. Mkurugenzi wa shule alisema hana mwingine, walimu wengine wameshapanda treni kwenda kusini. Siku ya kwanza, kati ya watoto arobaini walikuja thelathini, nami nikaandika ubaoni swali lile ulilolipenda: waliokuja ni wangapi kwa mia? Sabini na tano, walijibu kwa pamoja kama wanaimba. Nikawa nawauliza kila asubuhi, mpaka wakabaki kumi. Asubuhi hiyo msichana mmoja alijibu ishirini na tano, halafu akaanza kulia, kwa sababu rafiki yake alikuwa kati ya wale waliokosekana. Nilifuta ubao. Sikuuliza tena. Baadaye askari waliingia kulala madarasani, na shule ikafungwa.

Ulipokufa, vita vilikuwa bado ni habari za redio. Sasa watu wa Kabongo, kule kaskazini, wanaingia hapa kwetu Kamina na magodoro kichwani, wanalala kwenye viti vya kanisa letu. Ukiwauliza wameona nini huko, wanakuomba maji.

Nakukumbuka sana jikoni, Baba. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa asilimia, nimejifungia chumbani, ukanitoa ukaniketisha karibu na Mama aliyekuwa anachambua maharagwe. Ulichukua kumi ukayaweka kwenye kiganja changu. "Ngoie, mangapi yametobolewa na wadudu?" Mawili. "Yangekuwa mia?" Ishirini. "Basi njo pour cent hiyo, asilimia unayoiogopa. Haina uchawi." Tangu siku hiyo hukuniacha nipumue. Nyumba za mtaa wetu zenye mabati, ngapi kwa mia? Hata kanisani uliniinamia tukiwa katikati ya wimbo: wangapi hapa hawajui ubeti wa pili? Nilicheka mpaka Mama akanifinya. Na kila mtu aliyekuja kwako na asilimia zake ulimuuliza kitu kimoja: "Mia yenyewe njo gani?"

Nilikuuliza wewe swali hilo mwezi uliopita, kwa sauti, peke yangu. Redio ilisema sehemu kubwa kabisa ya mkoa iko salama. Sehemu kubwa ya nini, Baba? Ya ramani, au ya watu? Mama alisikia ile habari akaiamini, akateremsha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yananing'inia juu ya moshi. Mvua zilikuwa karibu, na wanawake wawili wa kwaya walikuwa wamepatana naye kwenda kulima. Unajua shamba letu liko wapi. Barabara ile ile ya Kabongo.

Sikuweza kumwambia Mama asiende. Nani amewahi? Nilimwambia tu tupime mbegu kwanza, jinsi ulivyokuwa ukifanya wewe. Alikasirika. "Weye unataka kupima Mungu?" Nilihesabu punje mia, nikazilowesha, nikazikunja ndani ya shati lako la zamani, lile la mistari, nikaliweka karibu na mafiga. Mama alijifanya halioni. Lakini nilipokwenda kulinyunyizia maji nilikuta tayari limeloweshwa, kila mara.

Tulilifungua pamoja. Punje nyingi zilikuwa zimeoza, zinanuka. Zilizochipua zilikuwa thelathini na moja.

"Kwa mia?" Mama aliuliza.

"Kwa mia, Mama."

Alikaa chini. Alizigusa gusa kwa kidole zile zilizokufa. Kisha akainuka, akarudisha jembe mahali pake, akaenda kuwaambia wenzake kwamba yeye hataenda kutembea njia yote ile kwa mbegu za namna hiyo. Aliwaomba na wao wangoje. Walisema mbegu zao ni nzuri.

Walikwenda wawili. Alirudi mmoja. Anakaa mlangoni kwake kutwa nzima, mikono imelala mapajani, na hajamwambia mtu yeyote kilichotokea, hata mchungaji. Mama anampelekea chakula. Anarudi na sahani haijaguswa, na mimi haniangalii.

Baada ya hapo alikuja Mama Bea, yule mke wa askari wa base, kambi ya jeshi, aliyekuwa akituuzia samaki wakavu, uliyemcheka kwa Kiswahili chake cha Lingala. Alikuja bila samaki, na ndoo ya mahindi ya mbegu. "Kamata, Mama Ngoie. Minyi sina tena kazi nayo. Ndege itatubeba Kinshasa, bibi za basoda bote." Mama akamuuliza kama watarudi. "Bwana alisema tubebe hata rido, mapazia ya madirisha."

Wake wa askari wakaondoka kweli. Zamani tulilalamika kwa kelele za base: malori, muziki, tarumbeta ya asubuhi. Sasa upande ule uko kimya, na kimya chake kinanitisha kuliko malori.

Mbegu zake nilizipima pia. Tisini na nne. Mama alitabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike. Tumepanda kuzunguka nyumba yote, mpaka ukutani mwa choo, mpaka chini ya dirisha lako. Mahindi yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mama anapalilia polepole, akisimama kila baada ya muda kusikiliza. Upande wa kaskazini kuna ngurumo na mawingu hayapo.

Amesema hataacha mahindi haya. Amesema amechoka kuacha vitu. Nami nakuahidi wewe, Baba, kwa kuwa yeye siwezi kumwambia: ngurumo ile ikivuka mto wa huko kaskazini, nitamshika mkono nimtoe, hata kama mahindi yatakuwa yamezaa, hata akinichukia. Tutafuata reli kwenda Bukama, kwa miguu ikibidi.

Njia hiyo inapita makaburini. Tukipita tukiwa na mizigo, sitamruhusu asimame. Nami sitageuka. Kwa hiyo kwaheri yangu naitoa leo, nikiwa bado na nafasi ya kuitoa vizuri. Lala, Baba.

Binti yako,
Ngoie