Usitupe Jembe Siku ya Tatu

Mtaa wa Malaz,
Riyadh, Saudi Arabia.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Dada Roseline,

Pokea salamu kutoka kwenye joto ambalo hata nzi wamelikimbia. U hali gani, dada yangu? Mgongo umepoa? Na Nonna Assunta, yule bibi unayemtunza, bado anakataa kuvaa miwani, akiishia kuwaamkia watu asiowajua? Mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika nikipanda ngazi, lakini nimelizoea kama jirani mwenye kelele. Idi ilipita wiki jana, na nilikatakata nyama ya kondoo hadi nikaanza kuota kondoo. Zaidi ya hapo, Mungu ni mwema.

Usishangae kupata barua ya karatasi siku hizi. Kwenye simu mimi na wewe hucheka dakika kumi, tukalia mbili, halafu mtandao hukatika kabla sijasema nililokupigia. Tena nimepata tarishi. Rafiki yangu Monicah, anayelea watoto wa familia moja kule Jeddah, anasafiri nao Alhamisi kwenda Milano. Ataitia posta akifika.

Habari yenyewe naisema sasa nisikuweke roho juu: tunakuja! Viza ya Italia nilishaipata mwezi jana kwa ile barua yako ya mwaliko. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya Madam, maana yeye ndiye kafili, mdhamini wangu, na bila neno lake sivuki mpaka. Sasa ameitoa. Pasipoti iko ndani ya begi langu, chini ya kitenge, na kila nikimaliza vyombo naenda kuhakikisha haijapata miguu. Tarehe tisa Julai tutakuwa kwenu Castelvieno, mimi, Monicah, na Hezron wa Baba Mdogo.

Bosi wa Hezron kule Jeddah hakumsumbua. Alimwambia tu aende na arudi kabla shule hazijafunguliwa, kwa kuwa kazi yake ni kupeleka watoto shule. Miaka sita sasa Hezron hajawahi kuwa kitandani jua likichomoza. Anasema hataki kuona mnara wala jumba la makumbusho. Anataka kuona saa nne ya asubuhi ilivyo ukiwa umelala.

Monicah naye utampenda. Amefika Ulaya mara nne na wale mabosi wake. Anazijua lifti za hoteli, na anajua kusukuma kigari cha mtoto juu ya mawe. Lakini kuketi kwenye mkahawa wa huko hajawahi. Yeye husimama kando akishika mikoba. Safari hii familia ikimaliza wiki zake mbili na nusu itarudi Jeddah, na yeye ataanzia likizo yake hukohuko na kuja kwenu kwa treni.

Sasa nikupe kisa cha ruhusa yangu, maana nilikaribia kuiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Madam wangu, Mama Turki, si mtu mbaya. Unajua nimekaa naye miaka tisa, na ni mimi ninayejua dawa ipi anameza kabla ya chai na ipi baada ya chai. Nikitaka kwenda Kenya kwa ijaza, likizo yangu, hana neno. Lakini Italia! Viza ilipotoka aliifungia pasipoti chumbani kwake. Alisema dada yangu anafanya kazi huko, nami nitafanya kazi huko, na yeye atabaki akitazama mlango.

Nikampigia Hezron, mshauri wetu wa kila jambo. Akasema, "Sister, hawa watu wanaamini karatasi. Andika program ya siku zote. Madam aone ni holiday, si kazi." Nikaona ana akili. Nikakaa mezani jikoni na kalamu, nikaandika kwa Kiingereza changu kizuri kabisa.

Dada, sikiliza nilichoandika. Saa kumi na moja alfajiri, kuamka. Saa kumi na moja na nusu, kufagia ua. Saa kumi na mbili, chai ya Nonna Assunta. Zamu ya vyombo: Jumatatu Peris, Jumanne Monicah, Jumatano Hezron. Alhamisi, madirisha. Niliweka hata mapumziko, kuanzia saa nane na nusu hadi saa tisa, "kama kazi imeisha". Naapa sikuona kasoro yoyote! Ratiba za namna hiyo ndizo ninazobandika kwenye friji miaka yote hii, na mkono wangu haujui kuandika nyingine.

Mjukuu wa Madam, Lamia, akamsomea kwa Kiarabu. Madam akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyemkamata mwizi. "Peris, hii si ijaza. Hii ni shughul! Unaenda kumfanyia kazi huyo ajuza. Halas, mafi safari."

Hakuna safari, ikaisha hivyo. Karatasi niliyoileta iwe wakili wangu ndiyo iliyonifunga. Hezron aliposikia alicheka hadi akaegesha gari kando ya barabara. "Sister, hata mimi ungeniletea hiyo program ningekunyima!" Lakini asijione mjanja. Dakika mbili baadaye aliniuliza gari la Nonna huoshwa siku gani. Nikamwambia Nonna hana gari. Sauti yake ikakosa raha.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, nilijaribu tena na karatasi mpya. Dada yangu, hujui ilivyo kazi kuandika mapumziko. Nilikaa nikijiuliza mtu ambaye hatumwi hufanya nini mchana kutwa. Mwishowe nikaandika: Siku ya kwanza, kulala hadi nichoke kulala. Siku ya pili, kukaa nje ya mlango na dada yangu. Uliwahi kuniambia wazee wa hapo jioni hutoa viti nje, wakaketi wakiongea na hakuna anayewaharakisha, nami nikaweka hilo moyoni. Kisha kalamu ikafika siku ya tatu, na kabla sijafikiri ikaandika: Kumlilia mama.

Hilo hatujawahi kulizungumza mimi na wewe hadi mwisho. Mwaka ule mama anaaga, Madam alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na karatasi zangu zilichelewa. Nilikwambia nakuja. Ukatoka Italia, ukafika nyumbani Chavakali, ukawaomba wazee wasogeze mazishi siku mbili kunisubiri. Uliniwekea kiti kando yako, ukakataza mtu asikikalie, na kikakaa kitupu hadi waombolezaji wakatawanyika. Siku hiyo mimi nilikuwa nikifua mashuka. Sikulia, kwa sababu nilikuwa na kazi, na tangu hapo nimekuwa na kazi.

Lamia alisoma karatasi ya pili. Alipofika mstari wa tatu alisimama, akaurudia kwa sauti ndogo. Madam aliomba fimbo yake, akaenda chumbani. Nikajua mambo yamekwisha, nikarudi kukata bamia.

Alirudi na pasipoti yangu. Akaiweka mezani karibu na bamia, akasema, "Siku zile ulikuwa unanigeuza kitandani." Basi. Akageuka kuondoka, halafu akasimama mlangoni, akasema nimwandikie Lamia dawa zote, siku kumi si nyingi, na nirudi. Nikasema, "Nitarudi, Mama," nami nitarudi kweli. Alipoondoka nilicheza isukuti, ngoma ya kwetu, peke yangu hapo jikoni, na goti halikuthubutu kulalamika.

Sasa tupange. Nakuletea tende, kahawa yenye iliki kwa ajili ya Nonna, na pakiti mbili za unga wa ugali, kwa sababu Hezron amesema chakula cha huko atakionja kwa heshima lakini atashiba kwa ugali. Usitutafutie safari za miji mikubwa. Umesema basi la kijijini kwenu hupita mara mbili kwa siku. Sisi tunakusudia kulikosa mara zote mbili. Umesema duka la mikate hufungwa Jumatano. Basi Jumatano hatutakula mkate, na hakuna atakayetufokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada, nakuomba, kwetu sisi uliache jembe lilipo. Na ufagio uufiche, maana najijua. Ukinikuta naufuata alfajiri, ninyang'anye hata kwa nguvu na unirudishe kitandani. Siku ya tatu tumeshaipangia kazi yake. Tutalia vizuri, tukimaliza tutakunywa chai, na siku zilizobaki nimeziacha wazi kabisa. Karatasi nimeikunja humu ndani uione.

Nisalimie Nonna Assunta, umwambie sisi si wageni wa kelele, ila Hezron. Msalimie yule mwoka mikate aliyekufundisha Kiitaliano. Hezron na Monicah wanakukumbatia. Madam naye anakusalimu, na amesema unitunze na unirudishe nikiwa mnene. Mungu aliyetutawanya kwa kazi atukutanishe kwa raha, ailinde nyumba unayolala na njia tutakayopita.

Na kile kiti, dada yangu. Jioni ya tarehe tisa kitoe nje tena, ukiweke kando ya chako, na usimruhusu mtu.

Wako akupendaye, na ambaye safari hii anakuja kukikalia,

Peris