Kabati kwa Bei ya Kiti

Ujiji, Alhamisi, mwezi wa tano. Jua limewaka tangu saa mbili asubuhi, vumbi limerudi barabarani, na mimi nina hasira. Nalisema mapema ili asiwepo anayetegemea mafunzo ya maisha leo. Mafunzo nilishatoa, na ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Kwa asiyenijua: nina kibanda cha fotokopi karibu na soko. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi iliyong'oka jalada na kurasa za mwanzo, inaanzia herufi C, kwa hiyo mpaka leo maneno ya A na B nayabahatisha. Wateja wakipungua nasoma habari za wenye pesa wa dunia, kisha naziandika humu kwenye blogu yangu kwa Kiswahili ili na sisi tusipitwe.

Aliyeniingia zaidi ni mwekezaji mmoja mashuhuri wa ng'ambo. Jina lake silitaji tena. Nimelitaja vya kutosha. Mwanzoni wasomaji wa huku hawakumwelewa, maana kwetu mwekezaji ni mtu anayekuja na gari na wapima ardhi, na akiondoka kunabaki uzio. Wakaniuliza huyu naye kachukua eneo gani. Nikawajibu kuwa huyu ni wa namna nyingine, hachukui cha mtu. Ananunua tu.

Ananunua tu. Niliandika hivyohivyo.

Mwezi wa pili nikaandika somo lake la hofu. Kwa kifupi, watu wakiogopa huuza vitu chini ya thamani yake, na mwenye moyo mtulivu ndiye anayetakiwa kununua siku hiyo. Yeye alikuwa anazungumzia hisa. Mimi Ujiji nzima simjui mtu mwenye hisa, kwa hiyo nikatafuta mfano wa kwetu. Nikaandika: mtu anayehama huuza kabati kwa bei ya kiti. Ukimwona, usimsikitikie, nunua kabati.

Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilimsomea mke wangu Zuhura mara mbili, na mara ya pili alikuwa anaosha vyombo, nikamfuata uani. Watu wakaisambaza. Wengine walikuja kibandani kutaka nakala, nikawauzia. Shemeji yangu Hamisi, kaka yake Zuhura, mwenye duka la vitu vilivyotumika pale Mwandiga, akataka yake ifunikwe plastiki isiharibike. Nikamfunikia bure kwa mashine yangu ya laminesheni. Akaitundika ukutani juu ya kichwa chake, mahali ambapo wenzake hutundika leseni.

Kisha mwezi huu watu wakaanza kuvuka ziwa.

Sina haja ya kueleza wamekimbia nini huko Burundi. Nusu ya nyumba za hapa zina ndugu upande ule. Wamekuja na maboti, na ndoo, na magodoro, na mbuzi waliotapika njia nzima, wakawekwa kwenye uwanja wa mpira Kigoma mjini kusubiri mabasi ya kwenda kambini. Nimeandika "wakawekwa" na mkono umesita. Wengine wanawekeza, wengine wanawekwa, na Kiswahili hakioni haya kutumia neno moja.

Leo asubuhi simu yangu iligoma kuchaji. Nikaambiwa yupo fundi hodari kati ya Warundi, mwanamke anayeitwa Jozefina, anafanyia kazi nje ya ukuta wa uwanja. Nikaenda. Nikamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, mikono mitupu mapajani. Nikamsalimu kwa Kiha, akaitika kwa Kirundi, tukakutana katikati kama kawaida ya huku.

"Fundi ni mie," akasema. "Ila vyombo nimeuza jana."

Akanieleza sanduku lake kama mtu anavyomweleza mtoto aliyempeleka bweni. Chuma cha kulehemia nyaya. Bisibisi ndogondogo, nyingine kazitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli. Kipimo cha umeme. Paneli ya sola yenye ukubwa wa sinia. Mfuko wa simu zilizokufa za kunyofolea vipuri. Siku ya kuvuka mvua ilinyesha, akalifunika sanduku kwa kitenge alichojitanda, akalowa yeye. Jana ameliuza kwa bei ya samaki watatu wa kukaanga, migebuka ya ziwani.

Nikamuuliza sababu. Akasema kuna bwana mmoja alipita akawaambia kwamba kule kambini, getini, kila kitu cha umeme kinachukuliwa, na mwenyewe anaandikwa jina na kuwekwa ndani.

"Akasema bora nipate kidogo. Aliongea vizuri sana yule bwana, hata pole alinipa."

Bwana gani? Mfupi, ana kofia ya kufuma, jino moja la dhahabu, na kila akisema kitu anacheka kabla hajamaliza.

Huyo namjua. Nimekula naye Idi mwaka wa kumi na tano huu.

Nikaenda kumuuliza kijana wa fulana ya njano anayepanga watu kwenye mabasi kama kweli vyombo vya mafundi vinachukuliwa. Akanitazama kama niliyelewa. "Fundi simu? Kaka, kule simu ni nyingi na fundi hakuna. Huyo wakimwona watamfungulia geti wenyewe."

Hapo ndipo hasira iliponikaa vizuri. Mzee wa ng'ambo alisema usubiri watu waogope. Hakusema uende ukawaogopeshe. Watu wale walishakunywa uji siku kadhaa, walishaanza kucheka cheka na kusukana nywele, hofu yao inapungua kila siku, na Hamisi akaona soko linapoa. Akalipasha moto mwenyewe.

Basi la Jozefina lilikuwa linaondoka saa kumi. Ilikuwa inakaribia saa nane. Bila vyombo vile anakwenda kambini kuwa mtu wa kupanga foleni ya unga. Akiwa navyo, anakwenda kuwa fundi. Nikapanda bodaboda kwenda Mwandiga.

Duka lilikuwa limejaa mpaka nje. Masufuria, magodoro, redio, majembe ya Kirundi yenye mpini mrefu. Hamisi alikuwa anamhudumia mama mmoja aliyekuwa anapekua mabeseni. Akaninyooshea kidole.

"Mama, huyu ndiye mwalimu wangu. Yote haya unayoyaona ni kichwa chake. Karibu mwalimu."

"Shemeji, nalitaka lile sanduku la fundi simu."

"Lipo. Umebadilisha kazi?"

"La mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

Mama wa mabeseni akacheka. Nikamwambia Hamisi kwamba amemdanganya yule mwanamke, hakuna anayenyang'anywa kitu getini. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Mimi hofu nimeikuta, shemeji. Nimemalizia tu. Na wewe usinigeuke." Akagonga karatasi ukutani kwa kucha. "Usimsikitikie, nunua kabati. Huu mwandiko wa nani?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia mabasi ya kambini yanapita mbele ya duka lake, watu watachungulia dirishani waone ndoo zao zimening'inia.

"Ndiyo maana vyao nimevipanga upande wa nyuma," akasema, na hapo hakucheka.

Akavuta kiti, akakaa. Halafu akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza hali ya watoto: "Hilo basi linaondoka saa ngapi?"

Na mimi, bingwa wa masomo ya uwekezaji, nikamjibu: "Saa kumi."

Akatazama saa ya ukutani. Pesa hakuzitaka. Akasema anaitaka mashine ya laminesheni. Nikadhani utani. Akasema kambini watu watapewa vitambulisho vya karatasi, mvua zitanyesha, kila mmoja atataka chake kifunikwe. Atapeleka mtu na jenereta ndogo. Alikuwa ameshafikiria mpaka bei ya kila kitambulisho. Ile mashine ndiyo inayolipa kodi ya kibanda changu. Nilijua kabisa anachonifanyia, maana nilikifundisha mimi, kwa mifano, na bado kilifanya kazi. Mshale wa saa ulikuwa unatembea. Nikasema haya, ichukue. Akaniapisha kwa jina la dada yake, akaenda nyuma kulileta sanduku.

Uwanjani nilifika Jozefina akiwa mtu wa nane kwenye mstari. Njiani nilikuwa nimejitungia maneno ya kuomba radhi. Ningemwambia yule bwana ni shemeji yangu, na somo alilolitumia niliandika mimi. Alipoliona sanduku alichuchumaa palepale, akalifungua, akagusa kimoja kimoja mpaka cha mwisho, watu wakimpita. Bisibisi moja haikuwepo. Kisha akaniuliza imekuwaje.

Nikasema: "Yule bwana amefikiri upya."

Sijui ulimi ulikuwa unafanya kazi kwa nani. Akafumba macho. "Imana imuhezagire," akasema, Mungu ambariki, na akamwombea Hamisi afya, watoto na maisha marefu, pale kwenye vumbi, kwa sauti, mimi nikiitikia amina. Mashine inakwenda Mwandiga na dua inaifuata hukohuko.

Ningeondoka wakati huo, leo ningekuwa na hasira ya kawaida tu. Lakini waliokuwa kwenye mstari walikuwa wameona. Mwanamke mmoja akanigusa bega akauliza kama redio yake nayo imekuja. Mwingine akauliza mabati. Mwingine akauliza mbuzi, jike, ana sikio lililokatika. Walidhani leo ni siku ya kurudishiwa. Hawakugomba. Walinizunguka na kunieleza alama za vitu vyao, kwa zamu, wakinisaidia nisichanganye. Nikatoa kalamu nikawa naandika majina yao na vitu vyao nyuma ya risiti, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Mwishoni akaja mzee mmoja mrefu aliyevaa koti juani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza kama nitaonana tena na yule bwana. Nikasema nitaonana naye.

"Mimi baiskeli yangu siidai, nimeshauza," akasema. "Ni ya kijani, kiti kimefungwa mpira. Mwambie breki ya nyuma haishiki. Siku ile sikumwambia, niliona bei itashuka tena, nikanyamaza. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mwambie asije akaanguka."

Akapanda basi. Hakungoja hata nimjibu.

Baiskeli hiyo naijua. Hamisi hakuiuza, aliichagua iwe yake, ndiyo anayorudi nayo nyumbani, na kutoka Mwandiga kushuka mjini ni mteremko unaoujua wewe na mimi. Duka anafunga saa kumi na mbili. Mimi nilirudi kibandani saa kumi na moja kasoro na ujumbe wa yule mzee kifuani, na nakiri humu kwamba nilikaa nao. Nilifagia. Nilipanga karatasi. Nilimweleza Zuhura habari yote alipoleta uji, nikamwambia na habari ya breki.

"Ni kaka yangu wa tumbo moja," akasema. "Lakini hata mimi ningekaa kidogo."

Kisha akanipa simu yake, maana yangu bado ni mfu, akasimama mbele yangu mpaka nikapiga. Nikamwambia Hamisi: breki ya nyuma ya ile baiskeli haishiki, usiipande. Akauliza nani kasema. Nikamwambia mwenyewe, yule mzee wa koti, kanituma akiwa anapanda basi, anasema hajalala kwa ajili yako.

Nikasikia duka lake, mtu anaburuta beseni. Nikadhani imemwingia.

"Hakusema chochote kuhusu mnyororo?" akauliza.

Nikakata.

Makala yangu ya mwezi wa pili sijaifuta. Kufuta ni kujisafisha, na sistahili. Nimeongeza mstari mmoja chini ya sentensi yangu nzuri: mfano wa kabati si wa yule mzee wa ng'ambo, niliutunga mimi, kwa raha zangu, nikiwa nimeshiba.

Kesho ni Ijumaa, siku ambayo duka la Hamisi hujaa watu wa kutoka Kalinzi na Simbo wanaoshuka kununua. Nitakuwepo kabla hajafungua. Nitakaa kwenye benchi lake la mbele, na kila mteja atakayeshika kitu, nitamsalimu kwa heshima na kumwambia kilikuwa cha nani, jina lake, na aliuziwa hofu gani. Risiti yenye majina ninayo mfukoni. Hamisi hawezi kunifukuza, mimi ni shemeji. Nitaanza na baiskeli ya kijani, na sitanyanyuka pale mpaka nikabidhiwe, niipeleke kambini kwa mwenyewe.

Chai nitabeba ya kwangu.