Ni Salamu ama ni Jibu

Falls Church, Virginia,
Marekani.

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Bimkubwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokupelekea imekufaa, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Natumai hapo Wete nyote mu salama, na mvua za vuli hazijaanza kuingia tena chumba cha mbele.

Hapa ndipo ningeandika kuwa na sisi hatujambo. Nimeliandika neno hilo mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi. Safari hii nivumilie, nitakwambia tulivyo. Kaa kitako kwanza, na barua hii isome mwenyewe, asikusomee mtu.

Najua utauliza kwa nini barua, na kila Ijumaa tunazungumza kwenye simu. Kwenye simu siwezi, dada. Ukishasema tu hamjambo, mdomo wangu unajibu wenyewe, na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya karafuu.

Ni habari ya Ziyad, huyu mtoto wa Nassor wangu. Februari anatimiza miaka mitatu, na hasemi. Hana hata neno moja. Ukimwita hageuki, na si kiziwi, masikio yamepimwa. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni anakuja mbio kuutazama unavyozunguka. Viatu vyetu vya mlangoni anavipanga mstari mmoja, na ukitoa kimoja analia mpaka anatapika. Mimi ndiye ninayeshinda naye, maana mama yake, Safa, yuko kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Nassor kajifungia chumbani na kompyuta yake. Nilijua kabla yao wote. Nikajitia hamnazo.

Daktari ndiye aliyemwambia Safa aombe huduma za mapema. Huku upo mpango wa watoto ambao hawajatimiza miaka mitatu. Mwalimu anakuja nyumbani, anakaa zuliani na mtoto, anamfundisha kusema kwa njia ya mchezo, na sisi wa nyumbani anatufundisha pia. Mtoto akishatimiza mitatu, mpango huo unamwacha, anahamia kwa watu wa skuli. Kwa hiyo kila mwezi una maana yake, na Safa alikuwa akiihesabu.

Mwezi wa Mei akaja mwanamke wa ofisi kumpima. Safa hakupata ruhusa kazini. Nassor alikuwepo, akatia saini, kisha akaitwa kwenye mkutano wake wa kompyuta. Akasema muulizeni mama, yeye ndiye anayekaa naye. Nikabaki mimi, yule mwanamke, na mkalimani kwenye simu. Akauliza mtoto anaendeleaje. Nikasema hajambo.

Wewe ungesemaje? Mgeni kaingia kwako, viatu kavua, chai hajaigusa, utamwanzia na maradhi? Kwetu hata aliye mahututi kwanza hajambo, halafu ndiyo tunaleta ile "ila" yetu: hajambo, ila homa haijashuka. Mimi hiyo "ila" sikuileta.

Na lau ningeishia hapo ningekuwa na udhuru. Akauliza mtoto anasema maneno mangapi. Nikasema mengi tu, maji, bibi, baba, nipe. Akauliza kama anawajua watu wake. Nikamwambia kila asubuhi ananiamkia, shikamoo bibi, hata kabla sijafumbua macho vizuri. Nayasema hayo, Ziyad kanipa mgongo, kakigeuza kigari chake juu chini anazungusha gurudumu. Yule mwanamke akamtazama, akanitazama mimi, akaandika.

Jibu likaja kwamba mtoto hahitaji huduma, na familia yenyewe imesema haina wasiwasi. Safa aliisoma ile barua mlangoni, sare ya kazi bado mwilini, akasema haya si maneno ya nyumba hii. Kosa akalitupa kwa mkalimani wa simu, kwamba hakufasiri ipasavyo. Nassor naye akaapa kuwa mama yake hawezi kusema hivyo. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikazidi kuinamia sinia, nikawaacha wamsingizie mtu asiye na kosa.

Safa akapinga. Huku watu wakipingana juu ya huduma ya mtoto, kabla mambo hayajafika mbali wanaweza kukaa pamoja na msuluhishi, mtu asiyekuwa upande wowote. Barua zilikwenda na kurudi majira yote ya joto, na kila ilipokuja mpya nilisema moyoni leo nitawaambia. Sikuwaambia. Jumanne iliyopita tukakaa mezani. Msuluhishi ni bwana mmoja mpole, jina lake Wayne. Na mkalimani safari hii alikaa ubavuni pangu, binti wa Kikenya aitwaye Jerotich. Kiswahili chake cha bara, lakini anakisema kwa adabu. Tulitia saini kuwa yanayosemwa pale yanabaki pale, kwa hiyo ya wenzangu siyaandiki. Yangu ni yangu.

Wayne akaniuliza, kwa upole kabisa, mtoto anaendeleaje nyumbani. Na mimi, dada, baada ya yote hayo, nikajibu, "Hajambo."

Jerotich hakulifasiri. Alimwomba Wayne ruhusa aniulize kitu, kisha akanigeukia.

"Mama, hiyo hajambo ni salamu ama ni jibu?"

Tangu nizaliwe sijaulizwa swali kama hilo. Nilimtazama Safa. Kashika kalamu, daftari lake liko wazi mbele yake, limejaa tarehe. Nikasema ni salamu.

Kisha nikayatoa yote. Nikasema mkalimani wa simu alifasiri sawasawa, neno kwa neno, na mwongo ni mimi. Nikasema mtoto hajaniamkia hata siku moja. Nilipomaliza, Jerotich akayarudia yote kwa Kiingereza, kwa hiyo fedheha yangu niliisikia mara mbili. Sikuwa na pa kuutia uso.

Tumekubaliana watamrudia kumpima wiki ijayo, Safa akiwepo na mkalimani amekaa hapohapo zuliani, na watamtazama mtoto mwenyewe kwa muda mrefu badala ya kumsikiliza bibi yake. Wakiona haja, mwalimu anaanza mara moja. Alhamdulillahi. Lakini tangu Mei mpaka Oktoba miezi imekwenda bure, na aliyeipoteza ni mimi. Imebaki minne.

Safa hakunigombeza, na ningefurahi anigombeze. Chai ananiwekea kama siku zote, anakiweka kikombe mezani taratibu, anaondoka. Nassor ndiye aliyesema, ndani ya gari, tumekwama kwenye foleni ya Route 50. Hakugeuka hata kunitazama.

"Mama, ulimwonea haya mwanangu?"

Nikamjibu ndiyo. Ningesema nini kingine?

Unamkumbuka Kitwana wa mjomba Saidi, aliyekuwa hasemi? Wageni wakija, mimi ndiye nikitumwa kumtia chumba cha uani na kufunga komeo. Wakiuliza watoto hawajambo, mama akijibu wote hawajambo. Wewe ukimpitishia kashata dirishani, mimi nikikutisha kuwa nitakusemea. Nilidhani yale tuliyaacha hukohuko. Kumbe nimekuja nayo.

Sasa lile lililonichanisha karatasi. Asubuhi ya Idi kubwa ulipata sauti kwenye simu yako: "Shikamoo bibi Bimkubwa, Idi mubaraka." Ulinipigia unalia, ukasema Mungu kakujaalia kumsikia mjukuu kabla hujafa. Jokha wako ameniambia umeihifadhi, na kila anayeingia kwako lazima umsikilizishe. Dada yangu, ile si sauti ya Ziyad. Nilijifungia bafuni, nikabana pua, nikasema kitoto. Ni mimi.

Ifute, nakuomba. Na uliowasikilizisha, waambie. Ikikuwia vigumu, sema mdogo wako ndiye aliyekutuma, aibu hii iniangukie mimi peke yangu. Ukikasirika una haki, na Ijumaa usipopokea simu nitaelewa.

Nisalimie shemeji Hamadi, Jokha na wanawe, na majirani wote wa upande wa msikitini. Nassor anakusalimu sana. Safa sijamwambia kuwa nakuandikia, kwa hiyo salamu zake siwezi kuzituma, ila najua anakupenda. Ziyad hakusalimu, dada, na mimi sitamsemea tena. Mungu akuponye goti, na akuweke mpaka umsikie mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye, aliyetahayari,

Zeyana