Losheni ya Shangazi

Mapinga, Ijumaa

Nimeshindwa. Wiki tatu nimepaka mafuta ya nazi tu, tangu niliposoma kwamba losheni yangu hujaribiwa kwanza machoni mwa sungura. Leo, tukijiandaa kwa harusi ya dada Mwanaidi, shangazi akanivuta mkono.

"We mtoto, unanuka kama samaki wa nazi! Njoo hapa."

Akafungua losheni ileile, akanipaka hadi shingoni. Yeye ndiye somo, kungwi wa bibi harusi, na mkono wa somo haukataliwi. Nikaanza, "Shangazi, sungura..." Wanawake wote chumbani wakanigeukia.

"Sungura kafanyaje?" shangazi akauliza.

"Asante, shangazi," nikasema.

Wakanisifu kwamba nang'aa. Nimeoga mara mbili, harufu haitoki. Kinachonitesa ni kwamba naipenda.