Mkanda Mpya wa Safari ya Ndanda

Bunju, 1 Septemba 2025

Mdogo wangu Herieth,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo? Mama mdogo Filomena anaendeleaje na macho yake? Sie wazima, ila mguu wa Mama unamsumbua akikaa muda mrefu, ndiyo maana basi halimfai. Nakuandikia WhatsApp kwa sababu kila nikipiga, mama yako anakupokonya simu.

Habari yenyewe ni hii: Alhamisi namleta Mama Ndanda kwa gari langu. Ile Surf ya dizeli, kuukuu lakini haijawahi kunilaza njiani. Mama kafunga begi tangu jana. Anasema hajamwona mdogo wake tangu msiba wa mjomba, na hataki waonane tena msibani. Niliposikia hivyo nikajua sina ujanja.

Dada yako,
Monica

Ndanda, 2 Septemba

Dada Monica,

Shikamoo. Na Mama mkubwa Adelina mfikishie shikamoo yake. Macho ya Mama ni yale yale: anaona kuna mtu mlangoni, lakini hamtambui mpaka aseme. Nilipomwambia mnakuja alipiga vigelegele, majirani wakadhani nimepata mchumba!

Ila dada, usinichukie. Mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini, uliubadilisha lini? Mwalimu mwenzangu Benedikto, wake ulimkatikia karibu na Somanga. Gari halikuwa na dalili yoyote. Ukikatika ule, pistoni zinagonga valvu, injini kwisha habari yake. Akakwama porini na watoto. Nikimfikiria Mama mkubwa na mguu ule kando ya barabara, moyo hautulii. Tafadhali, ubadilishe kabla hamjatoka, hata kama bado mzima.

Mdogo wako,
Herieth

Bunju, 6 Septemba

Herieth wangu,

Marahaba. Afya tunazo, ila nimenuniwa. Gari nililinunua kwa mtu, na nilipompigia hata yeye hakumbuki kama mkanda uliwahi kuguswa. Basi nikalipeleka gereji kwa Fundi Venance, hapahapa Bunju. Mama aking'ang'ania kitu unamjua. Kaja naye, kapewa kiti, kakaa kama mkaguzi.

"Gari linaumwa nini?" akamuuliza fundi.

"Haliumwi, mama. Tunazuia tu."

"Kama haliumwi, mbona mnalipasua?"

Venance akacheka, akaendelea kufungua. Ndani akakuta sili moja, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja jirani na mkanda. Kasema oili ikiulowesha mkanda mpya tutakuwa tumefanya kazi bure. Mkanda tumepata, lakini sili ya injini hii Kariakoo imeisha, inasubiriwa. Kwa hiyo Alhamisi imetupita, gari liko wazi. Nilimpigia mama mdogo kumweleza. Akasema, "Haya," akakata. Ile haya sikuipenda.

Mama hasemi na mie. Begi lake kaliacha katikati ya mlango, nijikwae vizuri.

Dada yako,
Monica

Ndanda, 9 Septemba

Dada,

Salamu baadaye. Mama hayupo! Nimetoka shule nimekuta mlango umefungwa, funguo kwa jirani. Simu yake inaita juu ya kitanda. Stendi wanasema asubuhi alipanda basi la Dar, kabeba kikapu cha korosho. Mama ambaye hajawahi kuvuka Rufiji! Mama asiyeitambua sura ya mtu! Nakupigia hupokei. Tafadhali nenda Mbagala kwenye mabasi.

Herieth

Bunju, 11 Septemba

Herieth wangu,

Jana nilipokupigia kukwambia amepatikana ulilia mpaka hatukuelewana, kwa hiyo sasa nakusimulia.

Juzi jioni nilizunguka Mbagala basi kwa basi, nikakosa. Kumbe njiani alikaa na mama mmoja anaitwa Atuganile, wakapatana, akamlaza kwake na asubuhi akamleta Bunju. Nyumbani jirani akawaelekeza gereji.

Sili ilikuwa imefika, Venance anavalisha mkanda mpya. Mama yuko kwenye kiti chake anafoka: "Kaza vizuri wewe, humo wanapanda watu!"

Mara tukasikia getini: "Huyo anayegomba ni Adelina."

Mama aliinuka bila fimbo, Herieth. "Filomena? Umefikaje na huoni?"

"Nimeuliza. Kila siku gari, gari. Nimekuja kuliona."

Wakashikana, wakayumba, Atuganile akawadaka wote wawili. Wakalia, wakacheka, kanga ya mama yako inaburura kwenye oili na hana habari. Venance alijifuta machozi na kile kitambaa cha kazi, akajipaka weusi uso mzima.

Kisha akarudi kazini. Akalinganisha alama, akazungusha injini kwa mkono kuhakikisha haigongi popote, ndipo akapiga stata. Ikaitika papo hapo, na wamama wakaishangilia kama bibi harusi katoka nje. Mkanda wa zamani aliukunja, una vinyufa.

"Ungekatika lini?" Mama akauliza.

"Sijui, mama. Labda mwakani. Labda kesho kutwa."

Mama akapitisha kidole kwenye vile vinyufa. Halafu akaniambia, "Herieth mwambie nimemshukuru."

Jumamosi tunakuja wote watatu. Bandika sufuria kubwa.

Dada yako,
Monica

Ndanda, 24 Septemba

Dada Monica,

Shikamoo. Nimefurahi umefika Bunju salama, na kwamba gari halikukusumbua kwenda wala kurudi. Nyumba isikuboe kwa ukimya, maana Mama mkubwa kasema harudi mpaka msimu wa korosho uishe.

Chumba nilichomtandikia hajakilalia hata mara moja. Wanalala kitanda kimoja, asubuhi wanalalamikiana nani kavuta shuka. Jana waligombana juu ya chumvi ya kisamvu, wakanuniana mpaka chai ilipoiva.

Leo natoka shule, nikawasikia kabla sijafika uani. Wamekaa mkekani, wanaigiza babu alivyokuwa akiwaita walipochelewa kisimani. Mama alicheka mpaka akalala chali. Nimeishi naye maisha yangu yote, dada, na kicheko kile sijawahi kukisikia. Nikasimama nje na madaftari yangu mkononi. Sikutaka kuingia, wasije wakanyamaza.

Akupendaye, mdogo wako,
Herieth